Asili ya Utulivu wa Njia za Mashamba ya Ufaransa

Katika nchi ya Ufaransa ziko barabara nyembamba zipitazo baina ya mashamba ya ngano na malisho ya ng'ombe, zizungukazo vilima, zivukazo vijito kwa madaraja ya mawe yenye upana wa gari moja, na zifikazo katika vijiji ambamo kengele ya kanisa husikika mbali kwa sababu hapana kelele nyingine ya kuifunika. Msafiri wa baiskeli aweza kupita humo tangu asubuhi hata adhuhuri, na magari yaliyompita akayahesabu kwa vidole. Kwa ajili hiyo nchi ile imepata sifa miongoni mwa waendesha baiskeli wa mataifa mengi, na vitabu vya kuongoza wasafiri huusifu utulivu wa njia zake kana kwamba ni zao la ardhi, mfano wa zabibu za Bourgogne au jibini ya Auvergne.

Sifa hiyo ni ya haki. Maelezo yake ndiyo yasiyo ya haki. Hapana barabara iliyopata kukatwa duniani kwa kusudi la kuachwa bila wapitaji. Njia hizi zilikatwa ili zipitwe na mikokoteni, mifugo, watoza kodi, matarishi na watoto wa shule. Zilikatwa na watu ambao wengi wao hawakulipwa ujira, na zikawa tulivu baadaye kwa kuwa watu wale, au watoto wao, waliondoka. Mwendesha baiskeli anayefurahia njia tupu hufurahia kazi ya mikono ambayo haipo tena. Jambo hili halimwondolei furaha yake, lakini humpa haja ya kujua anapita juu ya nini.

Yafaa kuanza na hesabu. Barabara za Ufaransa zote pamoja ni kiasi cha kilometa 1,100,000. Katika hizo barabara kuu za magari ya kasi hazifiki kilometa 13,000. Majimbo yana kilometa zipatazo 380,000, na njia zake hutambulika kwa herufi D na namba iliyoandikwa juu ya mawe yenye kichwa cha rangi ya manjano. Zinazobaki, karibu kilometa 700,000, ni mali ya komuni, yaani zile serikali ndogo za vijiji na miji, ambazo idadi yake ni kama 35,000. Komuni nyingine ina watu chini ya mia mbili na kilometa nyingi za njia za kutunza. Atafutaye utulivu huishi ndani ya tarakimu hizo mbili za mwisho, na hasa ile ya mwisho kabisa.

Kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1789 wafalme hawakuwa na habari na njia hizo ndogo. Walitaka barabara kubwa za kuunganisha Paris na miji ya mikoani na mipaka ya nchi. Mwaka 1738 Philibert Orry, mkuu wa hazina ya mfalme, alitoa maagizo yaliyoieneza karibu nchi nzima ile kazi iliyoitwa corvée, ambayo katika Kiswahili haina jina liifaalo zaidi kuliko shokoa. Mkulima aliyekaa karibu na barabara alipaswa kutoa siku kadha za kazi kila mwaka pasipo malipo, na kama alikuwa na ng'ombe na mkokoteni, navyo vilikwenda pamoja naye. Makabaila na mapadre walisamehewa. Mwaka 1747 kilianzishwa Paris chuo cha wahandisi wa madaraja na barabara, ambacho sifa yake ilienea Ulaya yote. Wahandisi walipiga mstari ulionyooka juu ya karatasi, na mkulima akaufuata mstari huo kwa sururu na koleo.

Turgot, waziri wa Louis XVI, alikuwa ameijua shokoa kwa karibu alipokuwa mtawala wa mfalme katika nchi ya Limoges tangu 1761 hata 1774, na huko aliweka kodi mahali pake. Mwaka 1776 aliifuta katika ufalme wote, akataka barabara zilipiwe na wenye ardhi wote, makabaila nao wamo. Mwaka ule ule aliondolewa katika cheo chake na shokoa ikarudishwa. Haikukoma mpaka mwaka 1787, ilipogeuzwa kuwa malipo ya fedha, na kufikia wakati huo hasira iliyokuwa imekusanyika vijijini haikuweza kupozwa kwa fedha.

Ikatukia kwamba mwaka huo wa 1787 Mwingereza mmoja, Arthur Young, mtaalamu wa kilimo na mwandishi hodari wa safari, alianza kuizunguka Ufaransa. Alizistaajabia barabara kwa upana na ubora wake. Akastaajabia vile vile kwamba hazikuwa na watu. Alipotoka Paris kuelekea kusini alikutana na magari machache mno, akaandika kuwa mtu akitoka London saa kama ile angaliona mengi mara kumi na zaidi. Young hakuusifu utulivu huo. Kwake ulikuwa dalili ya nchi ambayo serikali yake ilijenga barabara pana kuliko biashara ya watu wake. Msomaji wa leo, aliyezoea kusikia utulivu ukitajwa kama neema, yafaa auangalie vema ushahidi huu wa mtu aliyeuona akauhesabu kuwa ni umaskini.

Lakini barabara za wafalme si zile apitazo mwendesha baiskeli. Nyingi zimekuwa barabara kuu zenye malori, na mwenye akili huziepuka. Njia ndogo zina baba mwingine, naye ni sheria ya tarehe 21 Mei 1836.

Sheria hiyo haina umaarufu nje ya Ufaransa, na hata huko wengi hawaijui, ingawa yamkini iligeuza maisha ya vijijini kuliko sheria nyingi zilizopigiwa ngoma. Iliamuru kwamba kila komuni itunze njia zake za kuendea vijiji jirani. Kama fedha za komuni hazikutosha, baraza lake liliweza kuongeza kodi kidogo, au kuwatoza wakazi kazi isiyozidi siku tatu kwa mwaka, au yote mawili. Kila mwenye nyumba aliyelipa kodi ya nchi alipaswa kufanya kazi hiyo kwa nafsi yake, na kwa ajili ya kila mwanamume mzima wa afya, wa umri wa miaka 18 hata 60, aliyekuwa wa jamaa yake au mtumishi wake. Alipaswa pia kutoa siku za gari lake, farasi wake na ng'ombe wake wa kukokota. Baraza likikataa, mkuu wa jimbo, ambaye Wafaransa humwita prefe, aliweza kulilazimisha. Kazi hiyo iliitwa prestation.

Hapana budi kutofautisha jambo hili na shokoa ya kale. Sheria mpya haikuwasamehe makabaila wala mapadre, na njia iliyotengenezwa ilikuwa ya kijiji chenyewe. Mkulima aliona kwa macho yake kwamba kokoto alizozibeba zilimfikisha kwenye kinu na kwenye soko. Walakini sheria iliruhusu mtu kulipa fedha badala ya kazi. Mwenye fedha alilipa akakaa kwake. Asiye nazo alitoa mgongo wake. Siku tatu ni chache zikihesabiwa peke yake, lakini si chache zikihesabiwa kwa vijiji makumi elfu, na mwaka baada ya mwaka, hata karne ya kumi na tisa ikaisha.

Na kazi yenyewe? Palivunjwa mawe kwa nyundo, yakapangwa makubwa chini na madogo juu. Palichimbwa mitaro pande zote mbili ili maji ya mvua yasikae. Mawe hayakuletwa kutoka mbali, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuyaletea. Basi kila mahali palijengwa kwa jiwe la pale, granito ya Limousin, chokaa ya Charente, jiwe jeusi la volkano katika Auvergne. Baada ya siku za wanakijiji kwisha alibaki mtunza njia mmoja, mwenye toroli na koleo, aliyepewa kipande chake cha barabara akakitunza kama bustani. Juu ya wote alikuwako msimamizi wa njia za vijijini, mtumishi mpya wa jimbo aliyeletwa na sheria ile ile, naye ndiye aliyechagua njia ipite wapi.

Chaguo la msimamizi huyo ndilo ambalo mwendesha baiskeli hulipokea kwa miguu yake hata leo. Ng'ombe wawili waliokokota gari la kuni au la samadi hawakuweza kupanda mlima ulio wima, wala hawakuweza kulizuia gari katika mteremko mkali. Kwa sababu hiyo njia mpya ziliacha desturi ya vijia vya kale vilivyokata moja kwa moja hata kilele. Zikazunguka ubavu wa mlima kwa kupanda kidogo kidogo. Mwendo ulio mwepesi kwa ng'ombe ni mwepesi pia kwa mtu mwenye pedali. Wala halikuwa jambo la bahati. Wote wawili wana nguvu ya mwili tu, na njia iliyopimwa kwa nguvu ya mwili haiwachoshi upesi wale wanaoishi kwa nguvu hiyo. Barabara zilizopimwa baadaye kwa injini hazina huruma hiyo.

Sheria nyingine ya tarehe 11 Julai 1868 iliweka hazina ya mikopo kwa komuni ili njia zilizoanzwa zimalizwe. Shule za lazima zilipokuja baada ya 1882 watoto walihitaji njia za kwenda kwa mwalimu bila kuzama katika matope. Mwanahistoria Eugen Weber, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1976 juu ya namna wakulima walivyogeuzwa kuwa Wafaransa, alizipa njia hizi ndogo heshima kubwa. Alionyesha kuwa barabara kuu na reli za kwanza zilipita karibu na vijiji bila kuvigusa, na kuwa ni zile njia za pembeni zilizovifungua. Hoja yake imepingwa katika mambo mengine, lakini katika hili la njia ni vigumu kumshinda.

Neno prestation lilivuka bahari. Katika makoloni ya Ufaransa ya Afrika Magharibi siku za kazi za lazima barabarani ziliitwa kwa jina hilo hilo, kana kwamba jambo lilikuwa moja. Halikuwa moja. Mkulima mwanamume wa Limousin alikuwa na kura tangu 1848, akaweza kumwondoa diwani aliyemchosha. Mkulima wa kolonini hakuwa na kura, na njia aliyoikata ilipeleka mazao pwani zaidi ya kumfikisha yeye sokoni. Kazi za shuruti huko zilipigwa marufuku kwa sheria ya tarehe 11 Aprili 1946, miaka mia moja na kumi baada ya ile ya njia za vijijini.

Baiskeli ilipokuja ilizikuta njia zimekwisha kukatwa. Haikuwa na haja ya kujengewa chochote, na hapa ndipo ilipopata bahati kuliko chombo kingine cha safari. Hapo kwanza ilikuwa kitu cha matajiri wa mijini. Mwaka 1890 wapenda baiskeli walianzisha chama cha safari, Touring Club de France, kilichoishi hata 1983, nacho kikawa kati ya vyama vya kwanza kuitazama nchi ya mashamba kama mahali pa kutembelea, si mahali pa kutoka tu. Serikali nayo iliona fursa yake: kwa sheria ya tarehe 28 Aprili 1893 kila baiskeli ilitozwa kodi ya faranga 10 kwa mwaka, fedha nyingi kwa kibarua wa siku zile. Baadaye mlipaji alipewa kibati cha kufunga juu ya chombo chake. Kodi hiyo ilipunguzwa, ikadumu, ikafutwa mwaka 1958. Kwa kodi hiyo tumepata hesabu: mwaka wa kwanza baiskeli zilizoandikwa hazikufika 150,000; kufikia mwaka 1914 zilikuwa zimepita milioni tatu. Tarishi, mwalimu, mkunga na fundi wa kijiji wote walikuwa wamepanda. Wakati huo njia za mashamba hazikuwa tulivu hata kidogo, na huenda ndio wakati zilipokuwa na watu wengi kuliko wakati wowote wa historia yake.

Katika watu wa zama hizo mmoja hana budi kutajwa. Paul de Vivie alizaliwa mwaka 1853 katika Pernes, kusini mwa nchi, akafanya biashara ya hariri, kisha akaiacha kwa ajili ya baiskeli. Mwaka 1887 alianzisha gazeti katika Saint-Étienne, mji wa makaa na chuma, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Le Cycliste. Humo aliandika kwa jina la Vélocio. Mji ule umezungukwa na milima, na baiskeli za siku zile zilikuwa na gia moja tu. Apandaye alishuka akaisukuma. De Vivie alishikilia kwamba baiskeli iwe na gia nyingi ili mtu wa kawaida, asiye shujaa, apande mlima ameketi. Alijaribu mnyororo huu na ule, akajipima mwenyewe juu ya Col de la République, kipito cha mlima chenye kimo cha meta 1,161 juu ya mji wake.

Wakuu wa mashindano waliliona jambo hilo kuwa ni la wazee na wanawake. Tour de France, iliyoanza mwaka 1903, haikuwaruhusu washindani kutumia kibadilisha gia mpaka 1937. Kwa upande huo mashindano yaliyoitangaza baiskeli ya Ufaransa duniani yalikuwa nyuma ya muuza baiskeli wa Saint-Étienne kwa muda wa zaidi ya kizazi kimoja. De Vivie hakuchukia mbio, ila alifundisha kwamba safari ya baiskeli ni ya macho pia, ya kula kidogo, kupumzika kabla ya kuchoka, na kutojionyesha. Mwaka 1922, naye yu hai, wafuasi wake walianza kumheshimu kwa siku ya kukipanda kipito kile kwa baiskeli. Alikufa mwaka 1930 baada ya kugongwa na tramu mjini mwake.

Wakati wa uhai wake palitokea chombo kingine kilichowafungulia watu njia ndogo, nacho ni ramani. Kampuni ya matairi ya Michelin ilitoa mwaka 1910 karatasi ya kwanza ya ramani ya nchi kwa kipimo cha 1 kwa 200,000, iliyoonyesha nchi ya Clermont-Ferrand, na kufikia 1913 karatasi zilikuwa 47, zikaifunika Ufaransa yote. Kusudi lake lilikuwa watu wenye magari wamalize matairi. Lakini ramani haina uaminifu kwa aliyeichapa: ilizionyesha barabara kubwa kwa rangi nyekundu na ndogo kwa rangi ya manjano na nyeupe, na wenye baiskeli wakajifunza kuisoma kinyumenyume, wakiikimbia nyekundu na kuitafuta nyeupe. Njia zenye mandhari nzuri ziliwekewa ukingo wa kijani, na desturi hiyo ipo hata sasa.

Kisha ukafika mwaka 1936. Sheria ya tarehe 20 Juni iliwapa wafanya kazi likizo ya siku kumi na tano yenye malipo, jambo ambalo wengi wao hawakupata kuliona tangu kuzaliwa. Léo Lagrange, waziri mdogo wa michezo na mapumziko, aliwapatia tiketi za reli za bei ya chini. Waliokuwa na baiskeli, na hasa zile za watu wawili, walikwenda nazo. Walilala katika hosteli za vijana, mpango ulioanzishwa nchini humo na Marc Sangnier kama miaka sita kabla, au katika ghala za nyasi. Picha za majira yale, mume mbele na mke nyuma juu ya baiskeli moja, zimekuwa kama nembo ya taifa. Lisilosemwa sana ni kwamba vijana hao wa viwandani aghalabu walikuwa wajukuu wa wakulima. Walipita kama wageni juu ya njia ambazo babu zao walizivunjia mawe.

Maana kuondoka kulikuwa kumekwisha anza. Jimbo la Creuse, katikati ya nchi, ndilo mfano ulio wazi. Waendesha baiskeli hulisifu kwa njia zake tupu, na kwa kweli ni vigumu kupata tupu zaidi. Mwaka 1851 jimbo hilo lilikuwa na watu 287,000. Leo lina kiasi cha 115,000. Ardhi yake ni ya granito na haina rutuba nyingi, na tangu zamani wanaume wake walikwenda Paris kila mwaka majira ya kuchipua kwa majani, wakawa waashi, wakarudi wakati wa baridi. Martin Nadaud, aliyezaliwa mwaka 1815 katika kitongoji cha La Martinèche, alitoka kwao mwaka 1830 pamoja na baba yake, akiwa na umri wa miaka kumi na minne, akaenda kwa miguu. Baadaye alikuwa mbunge, akaishi uhamishoni Uingereza chini ya utawala wa Napoleon III, akaandika kumbukumbu za maisha yake ambazo ni hazina kwa mwanahistoria. Waashi wa Creuse waliijenga Paris. Reli ilipowarahisishia safari, wengi walichukua wake zao wakakaa huko huko, wala njia nzuri za vijijini hazikuwazuia. Zilitengenezwa ili kijiji kifikike, na njia ya kuingilia ni njia ya kutokea.

Vita vya 1914 hata 1918 vilichukua Wafaransa karibu 1,400,000, wengi wao vijana wa mashamba. Mwendesha baiskeli hawezi kukwepa kuliona jambo hili, kwa sababu karibu kila komuni ina mnara wa wafu wake, nao husimama njia panda au mbele ya kanisa, pale pale msafiri anaposimama kujaza maji. Katika Gentioux, juu ya uwanda wa Millevaches, mnara uliosimamishwa mwaka 1922 hauna askari juu yake. Una mtoto yatima, amevaa viatu vya mti, amekunja ngumi kuelekea orodha ya majina, na maneno yaliyochongwa yanailaani vita. Kwa miaka mingi serikali haikukubali kuuzindua kwa heshima rasmi. Orodha ni ndefu kwa kijiji kidogo kama kile, na mtu akiisoma kisha akaitazama barabara iliyo kimya mbele yake hahitaji kitabu cha kumweleza.

Sensa ya mwaka 1931 ilikuwa ya kwanza kuonyesha watu wa mijini kuwa wengi kuliko wa mashamba. Baada ya Vita vya Pili trekta moja lilifanya kazi ya watu wengi na ng'ombe wengi, na waliobaki wakapungua tena. Magari nayo yaliongezeka, lakini yalivutwa na barabara kuu za kasi, zikaachia nafuu njia za zamani. Tangu 1972 serikali ya Paris ilianza kuyakabidhi majimbo zaidi ya kilometa 50,000 za barabara za taifa, na mwaka 2006 ikayakabidhi nyingine zipatazo 18,000. Barabara iliyowahi kuwa ya taifa yaweza siku hizi kuwa na nyasi ufukoni mwake na mwendesha baiskeli mmoja katikati.

Yako mambo yaliyojengwa kwa tumaini kubwa zaidi yakafikia mwisho ule ule. Mfereji wa kutoka Nantes hata Brest, wenye urefu wa kilometa 364, ulifunguliwa mwaka 1842. Handaki lake kubwa la Glomel lilichimbwa na askari wafungwa waliowekwa kambini hapo tangu 1823 hata 1832, na wengi waliugua na kufa. Ukingoni mwake walipopita farasi wa kukokota mashua, sasa hupita baiskeli. Reli ndogo za mpango wa waziri Freycinet, zilizoidhinishwa mwaka 1879 ili kila mji wa wilaya upate stesheni, nyingi zilifungwa tangu miaka ya 1930. Mwaka 1997 katika jimbo la Saône-et-Loire kipande cha kilometa 44 kati ya Givry na Cluny kiliondolewa ureli kabisa, kikatiwa lami laini na kupewa waenda kwa miguu na wenye baiskeli. Ikawa njia ya kwanza ya namna hiyo nchini yenye urefu kama huo. Njia ya bonde la Loire, iliyokamilika mwaka 2012 kwa urefu wa kilometa kama 900, inapita pengine juu ya matuta yaliyoanzwa karne ya kumi na mbili kuzuia mafuriko.

Njia hizo zilizowekewa alama hupendwa, na zinastahili. Lakini zina wenye kuzilipia: mikoa na majimbo yenye mafungu ya fedha za utalii. Njia ya kawaida ya komuni haina mlipaji ila komuni yenyewe. Katika Creuse na Corrèze malisho ya kondoo ya zamani yamepandwa misonobari, nayo sasa imekomaa. Malori ya magogo yenye uzito mkubwa hupita juu ya njia zilizopimwa kwa gari la ng'ombe, yakazivunja, na baraza la kijiji chenye wapiga kura themanini huketi kufikiri litazitengeneza kwa nini. Taarifa ya Baraza la Seneti ya Juni 2019 ilisema kuwa madaraja yasiyopungua 25,000 ya nchi yalikuwa katika hali mbaya ya ujenzi, na mzigo mkubwa ulikuwa kwa komuni ndogo. Hakuna anayefikiri kurudisha siku tatu za mwaka 1836, wala haifai. Walakini mwendesha baiskeli ambaye hupita, hununua mkate mmoja, na kuusifu utulivu, hatoi hata kile kibati cha faranga 10 cha babu yake, na baadhi ya madaraja anayoyapenda yamewekewa mawe mawili makubwa katikati ili magari yasipite. Yeye bado hupita baina ya mawe hayo. Daraja lenyewe likichoka hatapita yeye wala mwingine.

Kusini mwa Cluny njia ile ya reli ya zamani inaendelea kuelekea Mâcon kwa kupenya mlima katika tundu la Bois Clair, lenye urefu wa kilometa moja na nusu na zaidi. Majira ya baridi tundu hufungwa, kwa kuwa popo hulala humo. Miezi hiyo mwenye baiskeli huipanda ile barabara ya zamani ipitayo juu ya mlima.